Mkimbizi si Bidhaa ya Serikali

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni. Imechapishwa hapa kama ilivyotolewa.



 Tulipoombwa kuzungumza tulipendekeza mada ya wakimbizi na siasa ya Kenya kwa nchi za nje. Mwanakamati mmoja akatujibu, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba wananchi wana shida zao: ushuru, karo, bei ya unga, hospitali zisizo na dawa. Akauliza, mambo ya Msomali wa Dadaab au ya Mganda aliyekimbia Kampala yanawahusu nini watu waliokuja kusikia habari za mageuzi? Swali lake ni la haki. Hatutalikwepa, na tunaomba mtuvumilie tukilijibu kwa njia ya mzunguko kidogo, kwa maana jibu lenyewe linaanzia mbali.

Linaanzia mwaka 1990. Sisi wa rika hili tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tukinywa maziwa ya Nyayo na kuimba nyimbo ambazo maana yake tulikuja kuielewa baadaye sana. Julai ya mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini kwa kosa la kutaka vyama vingi. Wakili Gibson Kamau Kuria, ambaye alikuwa amezoea kuwatetea wafungwa wa kisiasa na alikwisha kuonja kizuizi yeye mwenyewe, aliona zamu yake imefika. Akakimbilia ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na kutoka hapo akaondoka nchini. Wakili Mkenya, ndani ya mji mkuu wa nchi yake, alitafuta hifadhi kwa balozi wa nchi nyingine.

Oktoba ikaja habari ya Koigi wa Wamwere. Huyu alikuwa mbunge wa zamani aliyekwenda uhamishoni na kupokelewa Norway kama mkimbizi. Serikali ikatangaza kwamba amekamatwa Nairobi na atashtakiwa kwa uhaini. Yeye akasema alitekwa nyara Kampala na kuvushwa mpaka. Balozi wa Norway akaenda mahakamani kusikiliza kesi, akakaa tu, akatazama. Kwa ajili ya kitendo hicho, tarehe 22 Oktoba 1990 serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na misaada ya Norway ikaenda na balozi wake. Visima, barabara na miradi ya wananchi wa kawaida ilitolewa kafara kwa sababu nchi moja ndogo ya kaskazini ilikataa kumsahau mkimbizi mmoja.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1991, Raila Odinga alivuka Ziwa Victoria kwa siri hadi Uganda, na kutoka Uganda akaenda Norway hiyo hiyo. Uganda haikumkabidhi. Kabla yake Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kukaa ugenini tangu 1982, na Mwalimu Micere Githae Mugo alifukuzika hata akapewa uraia wa Zimbabwe. Watatu hawa sasa ni marehemu. Tunawataja kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kugonga mlango wa jirani akiwa na hati chache mkononi, na mlango ukafunguliwa. Tungekuwa na mageuzi gani leo, ndugu zangu, kama majirani wote wangesema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya Kenya na hawataki kumuudhi rais wa Kenya?

Hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa mwanakamati. Vyama vingi katika nchi hii vilihifadhiwa kwa sehemu katika nyumba za watu wengine.

Sasa tuiangalie sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mnamo 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipitisha mkataba wa kushughulikia wakimbizi wa bara hili. Ibara ya pili ya mkataba huo ina sentensi ambayo kila afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje angepaswa kuikariri kabla ya kupewa ofisi. Inasema kwamba kumpa mkimbizi hifadhi ni tendo la amani na la kiutu, na kwamba hakuna nchi mwanachama itakayoruhusiwa kulihesabu kuwa ni tendo la uadui. Wazee walioandika maneno hayo walijua walichokuwa wakifanya. Baadhi yao walikuwa wameishi kwa hifadhi ya wengine wakati wa kupigania uhuru, na walijua kwamba serikali huru ya Mwafrika nayo yaweza kumfukuza mwananchi wake. Walitaka jirani asiwe na kisingizio cha kusema, “Nikimpokea huyu, rafiki yangu rais atanuna.” Anune, mkataba umekwisha kumjibu.

Kabla ya huo kulikuwa na Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Kenya iliukubali mwaka 1966. Ibara yake ya 33 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya kabila, dini, taifa au msimamo wake wa kisiasa. Na katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha pili, inatamka kwamba kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, na mikataba ambayo Kenya imeiridhia, ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo afisa anayemsukuma mkimbizi kuvuka mpaka anavunja sheria ya hapa nyumbani, na anaweza kushtakiwa katika mahakama ya hapa nyumbani. Watu wengi hudhani haya ni mambo ya Geneva.

Turudi kwenye historia. Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na dola ya Somalia ikaanguka. Kenya, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa na wakimbizi wachache tu, wengi wao wakitoka Uganda, ilijikuta mwaka 1992 ikiwa na watu wapatao laki nne: Wasomali kutoka mashariki, Wasudani kutoka kaskazini, Waethiopia pia baada ya kuanguka kwa Mengistu. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Hagadera na Dagahaley zikafuata 1992, zote karibu na mji mdogo wa Dadaab. Kakuma, kule Turkana, ilianzishwa mwaka huo huo wa 1992. Kambi zile tatu za Dadaab zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000. Baada ya njaa ya 2011 zilikuwa zimebeba, pamoja na nyongeza zake, zaidi ya watu laki nne na nusu.

Haki isemwe: Kenya ilifungua mlango. Iliufungua katika mwaka wa dhiki, na wananchi wa Garissa na Turkana, ambao wenyewe walikuwa na kiu, waligawana visima na wageni bila kuulizwa. Nchi tajiri ambazo leo hujenga kuta baharini hazina ulimi wa kutufundisha ukarimu.

Lakini ukarimu ule ulitolewa bila sheria. Hatukuwa na sheria ya wakimbizi mpaka 2006. Kwa miaka kumi na mitano mamia ya maelfu ya watu waliishi chini ya amri ya mdomo: kaeni kambini, msitoke. Jambo lililotolewa kwa mdomo huondolewa kwa mdomo. Na sheria ya 2006 ilipokuja, iliifanya amri ile kuwa kosa la jinai. Mkimbizi aliyetoka kambini bila kibali aliweza kufungwa. Watoto walizaliwa Ifo, wakasoma Ifo, wakafanya mtihani wa Kenya kwa Kiswahili cha Kenya, wakaoana Ifo, wakazaa Ifo. Waulize wanatoka wapi. Watakutajia mji wa Somalia ambao hawajauona, kwa sababu ndivyo kadi ya chakula inavyosema.

Tunamkumbuka kijana mmoja aliyekuja ofisini kwetu miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa amepata alama nzuri na nafasi ya kusoma. Hakuhitaji pesa. Alihitaji karatasi ya kumruhusu kupanda basi kutoka Dadaab hadi chuoni, na karatasi hiyo ilikuwa imechelewa hata muhula ukaanza. Tulimwandikia barua. Ilifika muhula ukiwa nusu. Hatuna zaidi ya hapo la kusema juu yake, ila kwamba kisa chake hakikuwa cha ajabu hata kidogo.

Ndugu Mwenyekiti, hatuwezi kuzungumza habari hii kana kwamba serikali haina hoja. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliolala katika mabweni yao, na wengine wao walikuwa watoto wa watu walioko katika ukumbi huu au wa majirani zao. Serikali isiyowalinda raia wake haina haki ya kuitwa serikali. Hasira iliyofuata tuliielewa. Tuliisikia hata katika mikutano yetu sisi wanamageuzi, na tukubali kwa uaminifu kwamba baadhi ya maneno makali zaidi dhidi ya Msomali yalitoka katika vinywa vya watu ambao juzi tu walikuwa wakililia haki za binadamu kwa ajili yao wenyewe. Waliopigwa rungu Kamukunji walisimama kando na kushangilia rungu lilipoelekezwa Eastleigh.

Siku chache tu baada ya Garissa, Naibu wa Rais wa wakati huo, ambaye sasa ndiye Rais, aliipa UNHCR miezi mitatu kuifunga Dadaab, la sivyo serikali ingewahamisha watu yenyewe. Lakini tuulize kama watetezi wanavyouliza mahakamani: ushahidi uko wapi? Serikali yenyewe ilitangaza kwamba mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikaa katika madarasa waliyokaa wengi wetu mawakili. Hakuwa mkimbizi. Hakuna aliyependekeza kukifunga kitivo cha sheria, wala kuwafukuza machifu.

Na operesheni ya Aprili 2014, iliyoitwa Usalama Watch? Watu wapatao elfu nne walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, mahali pa riadha na kandanda. Zaidi ya mia tatu walipakiwa katika ndege hadi Mogadishu. Sisi siku hizo tulikuwa tukizunguka katika vituo vya polisi tukitafuta wateja wetu. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwa vingine havikuwa bora, tulimkuta mama wa makamo ameketi sakafuni na kitambulisho chake cha Kenya mkononi. Alizaliwa Garissa, na baba yake alizaliwa Garissa. Tukamwuliza kwa nini hakukionyesha. Akasema, “Mwanangu, nimekionyesha mara tatu. Wananiambia ni cha kununua.” Afisa wa zamu hakukana. Alitwambia kwa sauti ya chini kwamba ngoja jioni, bei hushuka jioni.

Msisahau kwamba hili halikuwa jambo geni kwa mama yule. Novemba 1989 serikali iliwapanga foleni Wakenya wenye asili ya Kisomali ili kuwachuja, ikawapa kadi ya pili, kana kwamba uraia wao ulikuwa wa kuazima. Kabla ya hapo, Februari 1984, ilikuwa Wagalla. Mtu anayeuliza kwa nini mkimbizi anahusiana na haki za Mkenya angepita Wajir kwanza, ndipo aulize.

Tumalize upande huu kwa kuipa mahakama heshima yake, kwa maana hapa ndipo tunapoona matunda ya kazi ya miaka ishirini ya kudai katiba. Julai 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwakusanya wakimbizi wote wa mijini na kuwapeleka kambini. Februari 2015 majaji watano walifuta kifungu cha sheria ya usalama kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000, kana kwamba vita vya jirani vingesubiri nafasi ipatikane. Mei 2016 serikali ikatangaza tena kuifunga Dadaab, ikaivunja na idara yenyewe ya wakimbizi. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba agizo lile lilivunja katiba, kwamba lilikuwa la ubaguzi na la kulitesa kundi zima la watu kwa asili yao. Mahakama haikuwa upande wa mkimbizi kila mara, na tusijidanganye. Lakini uamuzi ule wa 2017, uliotolewa na jaji Mkenya, kwa ombi la tume ya Wakenya na shirika la Wakenya, juu ya watu zaidi ya laki mbili ambao hawana kura hata moja, ni miongoni mwa mambo ambayo tukiulizwa na wajukuu tulifanya nini na katiba mpya, tutayataja bila haya.

Sasa tunafika penye kiini cha hotuba yetu. Tumesema kwamba mkimbizi si bidhaa. Je, nani amemfanya bidhaa?

Tazameni tarehe. Aprili 2015 tunatishia kuifunga Dadaab. Mei 2015 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Kerry, anafika Nairobi na kuahidi dola milioni 45 zaidi kwa ajili ya wakimbizi walioko Kenya, na vitisho vinapoa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya unakubaliana na Uturuki kuwazuia wakimbizi wa Syria kwa ahadi ya euro bilioni tatu, na tatu nyingine baadaye. Mei 2016 Dadaab inafungwa tena kwa matangazo. Viongozi wetu waliitaja Ulaya kama mfano wazi wazi. Na katika jambo hili hawakukosea kabisa: anayenunua mkimbizi ana dhambi sawa na anayemuuza. Nchi tajiri zilikuwa zimeiachia Kenya mzigo na kuilipa kwa sifa, halafu zikaionyesha Uturuki kwamba mzigo huo una bei.

Tazameni na tarehe nyingine. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya. Tarehe 15 Machi 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilianza kusikiliza kesi ya mpaka wa bahari kati ya nchi hizi mbili, na Kenya ikakataa kushiriki. Tarehe 24 Machi, siku tisa baadaye, Wizara ya Usalama wa Ndani iliipa UNHCR siku kumi na nne ilete mpango wa kuzifunga kambi. Hatukuonyeshwa barua yoyote inayounganisha mambo haya mawili, wala hatutadai kwamba tumeiona. Lakini wakili hufundishwa kusoma tarehe. Mahakama Kuu ilisimamisha hatua hiyo Aprili, na kambi zile hazikufungwa. Hata hivyo mama mmoja aliyekimbia Kismayu na watoto wake alikuwa amekwisha kufanywa hoja katika ugomvi wa mafuta na samaki wa Bahari ya Hindi.

Huko ndiko kufanya siasa ya nchi za nje kwa miili ya watu. Na serikali ikizoea biashara ya jumla, hujifunza na ya rejareja.

Oktoba 2024, tarehe 9, Kenya ilichaguliwa na Umoja wa Mataifa kuketi katika Baraza la Haki za Binadamu kwa miaka mitatu kuanzia 2025. Wizara ikajipongeza. Tarehe 18 Oktoba, siku tisa tena, raia kadhaa wa Uturuki walikamatwa na watu wasiojulikana katika barabara za Nairobi. Baada ya siku chache Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kwamba wanne kati yao wamerudishwa Uturuki kwa ombi la serikali ya nchi hiyo. Walikuwa wakimbizi waliosajiliwa na UNHCR. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote wa Kenya. Wizara ilieleza kuwa ombi lilikubaliwa kwa sababu ya uhusiano wa kihistoria na wa kimkakati uliopo kati ya nchi mbili. Rudini sasa kwenye ile ibara ya 1969, na mtaona jinsi sentensi ile ilivyopinduliwa juu chini. Mkataba unasema urafiki wa nchi usiwe kizuizi cha hifadhi. Wizara ilisema urafiki wa nchi ndio sababu ya kuivunja.

Mwezi haukuisha vizuri. Tarehe 16 Novemba 2024 Kizza Besigye wa Uganda, aliyekuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, alitoweka. Tarehe 20 akatokea Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi. Serikali yetu ikasema haikuhusika. Yeye hakuwa mkimbizi, alikuwa mgeni tu. Lakini wazee walioikumbuka 1990 walishtuka kuliko sisi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuisikia hadithi hii, isipokuwa safari ile mtu alitoka Kampala akaja Nairobi, na safari hii alitoka Nairobi akaenda Kampala. Barabara ni ile ile. Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania aliyehamia Nairobi kwa usalama wake, alibebwa ndani ya gari akaachwa baada ya saa chache kwa sababu kelele zilipigwa upesi.

Na sasa swali la mwanakamati linapata jibu la pili. Katika miezi ile ile, kuanzia maandamano ya vijana ya Juni 2024 mpaka Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu Wakenya 82 waliotekwa nyara. Gari lisilo na nambari, barakoa, bunduki, kimya. Je, mnadhani kuna kikosi kimoja kilichofundishwa kuteka wageni na kingine cha kuteka wenyeji? Mlango uliovunjwa kwa ajili ya Mturuki ulikuwa mlango wa nyumba yetu. Na jirani naye hujifunza: Mei 2025 Boniface Mwangi alikwenda Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu, akakamatwa pamoja na Agather Atuhaire wa Uganda, na wote wawili wakaeleza baadaye jinsi walivyoteswa kabla ya kutupwa mpakani. Oktoba 2025 wanaharakati wawili Wakenya walichukuliwa Uganda wakakaa zaidi ya mwezi. Serikali yetu ilipodai warudishwe, ilidai kwa ulimi mzito. Ingewezaje kudai kwa sauti haki ambayo yenyewe ilikuwa imeikanyaga?

Mtatuuliza tunataka nini. Tunajua kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyo bora kuliko ile ya 2006, inayotambua haki ya kufanya kazi. Tunajua kuna Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo mgeni na mwenyeji watapata shule moja, hospitali moja na soko moja. Tunauunga mkono. Lakini mwaka huo huo wa 2025 wafadhili, Marekani ikitangulia, walipunguza misaada, mgao wa chakula ukakatwa, na watu wa Kakuma wakaandamana kwa njaa. Mpango ulioandikwa kwa pesa za wengine utakatwa na wengine. Tunataka Bunge liutengee mpango huo fungu katika bajeti, hata likiwa dogo, na tunataka wananchi wa Garissa na Turkana waulizwe kwanza kuhusu ardhi yao, wasije wakaambiwa baadaye. Wao ndio waliogawana visima.

Tunataka pia jambo ambalo halihitaji hata shilingi moja. Mtu yeyote asitolewe katika ardhi ya Kenya kwa ombi la serikali ya kigeni bila kufikishwa mbele ya hakimu, kusomewa sababu, na kupewa wakili. Sheria za kuwakabidhi washtakiwa kwa nchi nyingine tunazo, zifuatwe. Na afisa aliyeidhinisha safari ile ya Oktoba 2024 aitwe mbele ya kamati ya Bunge aeleze kwa jina lake, si kwa jina la wizara, ni sheria gani aliyoifuata.

Kuna mwenzetu atakayesema kwamba jambo hili halina kura. Ni kweli. Mwaka 1990 jambo la Koigi halikuwa na kura kule Oslo pia, na Norway ilipoteza ubalozi kwa ajili yake.

Ndugu Mwenyekiti, tumezidisha muda na tunaona saa inatuangalia. Maombi kwa Spika wa Bunge la Taifa yameandikwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nayo yako juu ya meza pale mlangoni pamoja na kalamu. Katiba, katika kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge maombi ya namna hii. Anayetia sahihi aandike jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Asiye na kitambulisho, hasa ndugu zetu wa kaskazini ambao alama zao za vidole zilichanganywa na za wakimbizi na hadi leo wanazungushwa, abaki kidogo baada ya mkutano. Mawakili wanne tuko hapa, na tutaandika malalamiko ya kila mmoja bila malipo mpaka wa mwisho aondoke.